Jicho lisilochoka na amana ya mwenye kupima

Mgonjwa anayetoa kidole chake kichomwe sindano hamjui atakayeisoma damu yake. Huketi kwenye benchi la nje, mtoto mapajani, akangoja mlango ufunguliwe na karatasi itoke. Neno litakaloandikwa katika karatasi hiyo, kwamba vimelea vipo au havipo, atalipokea kama lilivyo, kwani hana njia ya kulihakiki. Ndiyo maana, katika miaka ishirini na tisa niliyofanya kazi ya maabara hapa Pemba, sikuwahi kuihesabu kazi yetu kuwa ni ya mikono tu. Ni kazi ya amana. Na amana hii ina uzito wake wa pekee, kwa kuwa aliyoyaona mpimaji katika hadubini ameyaona peke yake. Kioo kikishaoshwa, shahidi hakuna tena ila yeye na Mola wake.

Nayaandika haya nikiwa Mtambile, katika njia itokayo Chake Chake kwenda Mkoani, baada ya kustaafu. Nyumbani kwangu umekuwapo mjadala uliochukua miezi. Binti yetu wa mwisho amemaliza kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na nia yake ni kusomea kazi ya maabara. Mjomba wake aliyeko Dar es Salaam alipopata habari alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Shemeji," aliniambia, "usimpeleke mtoto kwenye kazi inayokufa. Huko duniani kuna roboti zinazopima zenyewe." Binti alikuwa karibu na aliyasikia. Usiku ule, baada ya Isha, alinijia akaniuliza: "Baba, ikiwa mashine itahesabu, mimi nitahesabu nini?"

Swali lile halikustahili jawabu la haraka. Nilimwomba muda, nami nikaenda kutafuta, kwa kusoma na kwa kuuliza, roboti hizo ni za namna gani, zinafanya nini, na zinamfaa nani. Niliyoyapata naona yanazihusu familia nyingi zenye vijana wanaochagua masomo mwaka huu, na ndiyo sababu ya kuyaleta hapa.

Kwanza ni lazima msomaji aijue kazi yenyewe. Katika kipimo cha malaria, tone la damu hutandazwa juu ya kioo, likakauka, likatiwa rangi ya Giemsa, kisha likatazamwa kwa lenzi ya mafuta inayokuza vitu mara 1,000. Kinachoonekana kwa mara moja ni duara dogo la mwanga, sehemu ndogo mno ya tone lile. Mpimaji hukisogeza kioo akatazama duara la pili, la tatu na la kumi. Mwongozo wa kazi unamtaka atazame maduara yasiyopungua 100 kabla ya kuandika kwamba hakuona kimelea. Akiviona, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe za damu hadi chembe hizo zifike 200, ili ukali wa maradhi ujulikane.

Kichocho nacho kina hesabu yake. Mililita 10 za mkojo wa mtoto hupitishwa katika chujio dogo, na mayai yenye mwiba mmoja kwenye ncha yake huhesabiwa moja moja. Yakifika 50, maambukizi huitwa mazito. Kwa minyoo ya tumbo hutumika njia ya Kato-Katz: miligramu 41.7 za choo huwekwa juu ya kioo, mayai yakahesabiwa, na idadi ikazidishwa kwa 24 ili ipatikane idadi katika gramu moja. Mayai ya safura hayamsubiri mtu, kwani kioo kikikaa zaidi ya kiasi cha saa moja bila kusomwa, mayai hayo hufifia mpaka hayaonekani. Basi fikiria skuli moja yenye watoto 200, na wapimaji wawili, na jua linatua.

Sisi wa Pemba tunayajua maradhi haya kwa majina ya nyumbani. Mabonde yetu ya mpunga na vijito vyetu vina konokono wa jamii ya Bulinus anayebeba vijidudu vya kichocho, na wazee wetu waliwahi kumwona mtoto wa kiume anayekojoa damu kuwa amefikia makamo tu. Alhamdulillahi, hali imebadilika sana. Mwaka 2000 ilifunguliwa huko Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kiitalia, na tangu hapo kisiwa chetu kimekuwa mahali pa utafiti mkubwa wa minyoo na kichocho. Katika miaka ya 2010 uliendeshwa Unguja na Pemba mradi wa kutokomeza maambukizi ya kichocho, kwa kugawa dawa ya prazikwanteli maskulini na vijijini, kupambana na konokono, na kuwaelimisha watu wabadili mwenendo wao majini. Kuanzia mwaka 2020 ukafuata mradi wa SchistoBreak kaskazini mwa Pemba. Malaria nayo ilishuka Zanzibar kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi kuwa chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa katika jamii.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mtu wa nje hudhani kwamba maradhi yakipungua, kazi ya mpimaji inakuwa nyepesi. Kinyume chake ndicho kweli. Wakati maradhi yalipokuwa mengi, jicho lilikuwa likiona kitu kila baada ya vioo vichache, nalo likabaki macho. Maradhi yanapokuwa machache, mpimaji hutazama vioo vingi visivyo na kitu, siku baada ya siku, akitafuta yai moja au kimelea kimoja kilichojificha. Na kimoja hicho ndicho chenye thamani, kwa sababu ndicho kitakachowasha moto tena katika kijiji kilichokwishazimwa. Jicho la mwanadamu halikuumbwa kwa kazi ya namna hii. Shingo hukakamaa, macho hutoka machozi, na akili hutoroka bila ya mwenyewe kujua. Bidii na uaminifu haviondoi uchovu, kama vile ucha Mungu hauondoi njaa.

Basi nilipoanza kusoma juu ya roboti za maabara, sikuzisoma kwa jicho la adui. Nilitaka kujua kama zinaweza kubeba sehemu ile ya kazi inayomzidi mwanadamu nguvu.

Roboti za maabara si jambo la jana. Hospitali kubwa za dunia zimekuwa nazo kwa miaka mingi: mikono ya chuma inayonyonya kiasi kidogo cha maji kwa pipeti na kukimimina katika vitundu 96 vya sahani moja, na mashine zinazopiga picha vioo vizima zenyewe. Lakini bei zake ni makumi ya maelfu ya dola, na zaidi, na undani wake umefungwa. Mabadiliko yalikuja pale watu walipoanza kuchapisha michoro ya mashine hizo wazi, ili yeyote azitengeneze. Mwaka 2005 mhandisi Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, yaani printa ya pande tatu inayoyeyusha plastiki na kujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na inayoweza kuchapa sehemu nyingi za printa nyingine kama yenyewe. Mwaka 2012 ikatoka Raspberry Pi, kompyuta kamili isiyozidi ukubwa wa kiganja. Miaka michache baadaye kampuni ya Opentrons, iliyoanzia New York, ikauza roboti ya pipeti yenye programu huria kwa dola elfu chache tu. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, roboti hizo zilitumika kupima sampuli kwa wingi katika mji huo huo.

Hayo yote yalikuwa mbali na Mtambile. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata karibu zaidi. Kuna hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyobuniwa na wanasayansi wa Cambridge na kuendelezwa Bath chini ya Richard Bowman na wenzake. Mwaka 2020 walichapisha maelezo yake kamili, na katika orodha ya waandishi yalikuwamo majina ya Watanzania: Joram Mduda, Catherine Mkindi na Valeriana Mayagaya wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na Grace Mwakajinga, Paul Nyakyi na Valerian Sanga wa STICLab, warsha ya Dar es Salaam iliyojishughulisha na printa za pande tatu. Sehemu ya hadubini hizo imetengenezwa Dar es Salaam na kujaribiwa Bagamoyo kwa kusoma vioo vya malaria. Hatukuletewa kitu kilichokwisha kufikiriwa na wengine. Watu wetu walikuwamo kazini.

Namna inavyofanya kazi inapendeza kwa urahisi wake. Hadubini ya kawaida husogeza kioo kwa meno ya chuma na reli zinazohitaji kuchongwa kwa ustadi mkubwa, na ndiyo sababu ya bei yake. Hadubini hii haina reli. Mwili wake huchapwa kwa plastiki ukiwa kipande kimoja, na viungo vyake ni vipande vyembamba vinavyopinda na kurudi, kama njiti ya chelewa unavyoipinda kwa kidole nayo ikarudi ilipokuwa. Mota ndogo tatu huzungusha skrubu, skrubu zikavipinda viungo, na kioo kikasogea hatua ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, ndani ya eneo la milimita 12 kwa 12. Kamera ndogo hukaa mahali pa jicho. Kompyuta huamrisha: sogea, tafuta mahali picha inapokuwa safi, piga, sogea tena. Maduara 100 hupigwa picha moja baada ya nyingine, na duara la mwisho hupigwa kwa uangalifu ule ule wa duara la kwanza. Gharama ya vifaa vyake ni mia chache za dola.

Lakini jambo lililonigusa zaidi kuliko bei ni kwamba picha zinabaki. Nilisema mwanzoni kwamba aliyoyaona mpimaji ameyaona peke yake. Kwa mashine hii, aliyoyaona yanaweza kuonwa na mwingine. Mpimaji wa Mkoani akitia shaka, mwenzake wa Chake Chake anaweza kutazama picha ile ile. Mwanafunzi anaweza kujifunza kwa kioo kilichosomwa mwaka jana. Mayai ya safura yanayofifia baada ya saa moja yanaweza kupigwa picha kabla ya kufifia na kuhesabiwa kesho kwa utulivu. Kwa maneno mengine, amana iliyokuwa haina shahidi imepata shahidi.

Lipo jambo la pili, nalo ndilo kiini cha makala haya. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi tuliletewa msaada wa mashine ya kupimia damu. Ilikuwa nzuri, nyeupe, na ilipokelewa kwa hotuba. Ilifanya kazi miezi kumi na minne. Kisha kipande kimoja cha ndani, kisichozidi ukubwa wa kokwa ya tende, kikavunjika. Kipande hicho hakikuuzwa peke yake, mfuniko wake haukufunguka bila ya ufunguo maalumu, na dawa zake zilikuwa za mtengenezaji mmoja tu. Tulipoandika barua, tuliandikiwa kwamba aina ile haitengenezwi tena. Nilipostaafu, mashine ile ilikuwa imefunikwa kitambaa na juu yake kuna madaftari.

Haya si ya kituo kimoja. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha uchunguzi uliokusanya habari za vifaa vya tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Huku kwetu unyevu wa bahari huongeza lake: kuvu huota ndani ya lenzi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza vyombo. Kifaa ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifungua, kikiugua, kimekufa.

Kaka yangu ni fundi wa redio na simu hapa Mtambile. Nilimweleza habari za hadubini ile, naye aliniuliza swali moja tu: "Mchoro wake upo?" Nilipomwambia kwamba mchoro upo wote, pamoja na orodha ya skrubu na programu yake, alicheka akasema, "Hiyo basi ni mashine. Zile nyingine ni masanduku." Yeye na binti yangu wakaanza kukutana jioni baada ya Alasiri. Binti alisoma maelezo ya ujenzi kwenye simu na kumfasiria ami yake, na ami akamfundisha kushika chuma cha kulehemu. Jamaa yetu wa Dar es Salaam alitupatia kijana mwenye printa aliyetuchapia vipande vya plastiki, navyo vikaja kwa boti mpaka Mkoani. Kamera na kompyuta tulivinunua kwa akiba. Kitu ghali kuliko vyote kilikuwa ile kompyuta ndogo.

Mzigo ulipofika, kiungo kimoja cha mwili kilikuwa kimepata ufa njiani. Nikajua hadithi ya kitambaa na madaftari imerudi. Haikurudi. Binti alimpelekea ujumbe yule kijana, kijana akachapa mwili mwingine kwa kazi ya siku moja, nao ukatufikia kwa boti ya wiki iliyofuata kwa gharama isiyozidi ya kitoweo cha siku chache. Kaka yangu aliushika ule wenye ufa, akaugeuza geuza, akasema kwamba mahali pale pangeongezwa unene kidogo. Binti akaandika maoni hayo kwa Kiingereza na kuyapeleka kwa wenye mradi. Fundi wa njia panda ya Mtambile alikuwa akitoa shauri juu ya kifaa cha sayansi, na shauri lake lilikuwa na mahali pa kupelekwa. Katika miaka ishirini na tisa sikuwahi kuliona jambo kama hilo.

Siku ilipokamilika, hatukupima mgonjwa wala mkojo wa mtu yeyote. Tulitia tone la maji ya bonde la mpunga. Mota zilianza kulia kwa sauti nyembamba, na kwenye kioo cha televisheni ya zamani wakatokea viumbe wa Mwenyezi Mungu wasioonekana kwa macho, wakiogelea kama ng'ombe waliofunguliwa. Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Nusu saa baadaye umeme ukakatika, na kila mtu akaenda kwao.

Mke wangu, ambaye katika mjadala wote alikuwa akisikiliza zaidi kuliko kusema, ndiye aliyelipa jambo hili jina lake. Babu yake alichimba kisima na kukiweka wakfu, na mpaka leo watu wa mtaa ule wanateka maji hapo. Alisema: "Hiki ni kisima cha wakfu. Mtu anaweza kuteka maji, akayabeba kichwani, akayauza sokoni, na si haramu kwake. Lakini hawezi kukiuza kisima, wala kukitilia ua." Nilikwenda kuisoma leseni ya mradi ule, iliyoandaliwa na CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, nikakuta maana yake haiko mbali na maneno ya mke wangu. Yeyote anaruhusiwa kutengeneza, kubadili, hata kuuza. Akiuboresha mchoro na kuutoa, masharti yanamtaka auache wazi kwa wengine kama yeye alivyoukuta. Sisi Waislamu si wageni wa fikra hii. Tumekua tukijua kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa vitu vinavyoendelea kumfaa mtu baada ya kuzikwa, na visima, misikiti na madrasa zetu zimesimama juu ya msingi huo. Wenye kuchapisha michoro hiyo huenda wana nia nyingine, lakini mlango waliouacha wazi tunaujua.

Lazima pia niseme yasiyowezekana, nisije nikawauzia watu ndoto. Hadubini iliyojengwa juu ya mkeka wa Mtambile ni chombo cha kujifunzia. Haijawa chombo cha tiba. Kabla ya kumpimia mgonjwa, kifaa chochote hupaswa kulinganishwa na vipimo vinavyoaminika, kwa sampuli nyingi, na kupita kwa wasimamizi wake, ambao kwetu ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Uwazi wa mchoro haumwondolei mtu wajibu huo. Pia, kupiga picha ni jambo moja na kuzisoma ni jambo jingine. Huko Kinondo, Kwale, katika pwani ya Kenya, watafiti wamejaribu kompyuta zilizofundishwa kutambua mayai ya minyoo na ya kichocho katika picha za vioo, na majaribio hayo yanatia matumaini. Lakini kompyuta huona kile ilichofundishwa kukiona. Kipovu cha hewa, uzi wa pamba, chembe ya rangi iliyoganda, vyote vinaweza kuidanganya, na mwenye kukata shauri lazima awe mtu ajuaye sura ya yai kwa miaka ya kulitazama.

Hapo ndipo nilipolipata jawabu la binti yangu. Nilimwita, mama yake akiwapo, nikamwambia: "Mwanangu, mashine itahesabu. Hilo usilikimbie. Lakini mashine haihojiwi. Mtoto akipewa dawa asiyoihitaji, au akirudishwa nyumbani na homa yake, hapana atakayeiuliza hadubini. Ataulizwa aliyetia sahihi. Wewe utakuwa wa kutia sahihi. Utahesabu vile ambavyo mashine imevitilia shaka, na utaihesabu mashine yenyewe, leo ni nzima au imepotoka. Na ikivunjika utaifungua."

Mama yake akaongeza la kwake: "Na utakayoyajua utayafundisha. Usiyatilie ua."

Mjomba wake wa Dar es Salaam bado hajaridhika sana. Anasema vituo vitapunguza watu mashine zikija, na sina haki ya kumwambia amekosea. Inaweza kuwa hivyo mahali ambapo mashine itanunuliwa ili kupunguza mishahara. Lakini vituo vingi vya visiwani na bara ninavyovijua havijapata kuwa na wapimaji wa kutosha, na mpimaji mmoja aliyeondolewa mzigo wa maduara 100 anaweza kumaliza foleni ya kina mama kabla ya Adhuhuri. Kijana anayejua kusoma kioo, kulehemu waya na kusahihisha programu hatakuwa wa kwanza kuondolewa. Atakuwa wa mwisho, naye huenda akawa ndiye anayeitwa na vituo vitatu kwa siku moja.

Kwa wazazi wenzangu na kwa wanakamati wa skuli, madrasa na vituo vya afya, nina ombi. Siku mtakapoletewa mashine, ya msaada au ya kununua, pokeeni kwa shukurani, kisha ulizeni mambo matatu kabla ya kukata utepe. Je, inafunguka? Mchoro wake na vipuri vyake tunavipata wapi? Na picha na hesabu zitakazotoka humo, zitabaki mikononi mwa nani? Mtoaji mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na siku kijana wa kike au wa kiume atakapotaka kuifungua redio mbovu ya nyumbani ili aone ndani mna nini, msimfukuze. Mpeni bisibisi, na mumtafutie fundi wa kukaa naye.

Binti yangu anaondoka kwenda chuoni Unguja muhula ujao, inshaallah. Hadubini anaiacha kwa ami yake, ambaye amekwisha kubadilisha mota moja kwa nyingine aliyoitoa katika printa ya karatasi iliyotupwa. Sijui aliipatanisha vipi, lakini inazunguka, na mchoro wa namna alivyofanya ameubandika ukutani dukani kwake, mahali ambapo kila apitaye anaweza kuusoma.